Mwanza hadi KIA: kilomita 473 na dakika zake

Katika kazi yangu ya kuandaa mipango ya safari za ndege, nimeulizwa mara nyingi umbali uliopo kati ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza na ule wa Kilimanjaro, ambao kwetu ni KIA ingawa tiketi huuandika JRO. Mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja hivyo una urefu wa takriban kilomita 473, yaani maili za baharini 255, kila maili ikiwa na mita 1,852. Anayepanda basi kupitia Shinyanga, Singida na Babati husafiri zaidi ya kilomita 700, na hapo bado hajaondoka Arusha kwenda KIA.

Mstari huo hupita kusini ya Seronera, huambaa na upande wa kaskazini wa Kreta ya Ngorongoro, kisha huifikia Arusha huku Mlima Meru, wenye mita 4,566, ukiwa umbali wa kilomita kumi hivi kushoto kwake. Ni mstari wa kupendeza kwa aliyekaa dirishani, ila rubani hawezi kuufuata kama rula, kwa sababu anapaswa kushika njia na kimo alivyopangiwa, na karibu na milima hiyo hakuna ruhusa ya kushuka mapema.

Tuchukue ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-Q400 na tuipe mwendo wa kilomita 600 kwa saa. Hesabu ya darasani itatupa dakika 47. Hesabu hiyo, hata hivyo, inadhani kwamba ndege huanza safari ikiwa tayari kwenye mwendo huo, wakati kwa kweli hupanda polepole zaidi, na kwa kushuka kutoka futi 23,000 hadi 3,000 huhitaji karibu kilomita 110, kwa hiyo huanza kushuka mara baada ya kuvuka ukingo wa Bonde la Ufa. Mimi huongeza dakika kumi hivi. Tiketi nayo huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea maegeshoni hadi inaposimama upande wa pili, ndiyo maana huonyesha muda unaozidi saa moja.

Linalosahaulika zaidi ni upepo. Huko juu, katika ukanda wetu, mara nyingi huvuma kutoka mashariki, hivyo anayetoka Mwanza huukabili usoni, na anayerudi husukumwa nao. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hugeuza zile dakika 47 kuwa karibu 51 wakati wa kwenda na 44 wakati wa kurudi, bila umbali kubadilika hata mita moja.