Je, wajua kwa nini polisi hawamrudishi nyumbani mtu mzima aliyekimbia kipigo?

Tuchukue mfano wa Moshi. Baba anashuka kutoka Kibosho asubuhi na picha ya pasipoti ya bintiye mfukoni, anaingia kituoni: mtoto katoroka, yuko kwa shangazi yake Pasua, anaomba askari wawili wakamchukue. Askari anauliza, "Ana miaka mingapi, mzee?" Akijibiwa ishirini, habari inakuwa nyingine. Polisi wanaweza kuthibitisha kwamba binti yu hai na hakuna anayemshikilia. Akisema amekuja kwa hiari yake, hakuna wa kurudishwa. Shangazi naye hana kosa kwa kumpa mtu mzima kitanda.

Sababu ni umri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mamlaka ya mzazi ya kuamua mtoto alale wapi yanakwenda na utoto huo, nao ukiisha, yanaisha. Kinachobaki ni Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Haijaweka sharti la kuaga, wala la msichana kusubiri aolewe. Wazee wetu husema mtoto kwa mzazi hakui, na mezani kwao wana haki ya kusema hivyo. Mahakamani wanaangalia cheti cha kuzaliwa.

Na kipigo chenyewe? Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai hata aliyejeruhi akiwa ndiye aliyekuzaa. Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu shambulio la kudhuru mwili, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano. Mwenye majeraha apitie Dawati la Jinsia na Watoto polisi, achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende nayo hospitali: Mawenzi kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha. Daktari anaijaza, na karatasi hiyo ndiyo hugeuka ushahidi. Kwenda mapema kunasaidia, maana alama za fimbo hufifia na mashahidi wa ukoo husahau haraka sana.

Kuondoka si lazima kuendane na kushtaki, lakini. Wengi huondoka tu, na sheria haiwadai maelezo.

Penye mtego ni kwenye begi. Vyeti vya shule na cha kuzaliwa mara nyingi viko kwenye sanduku la baba, na kuna wazazi wanaovifungia makusudi. Cheti cha kuzaliwa unaweza kuomba nakala yake RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kitambulisho cha taifa cha NIDA unajiandikishia mwenyewe ukishafika miaka 18. Vitu visivyo vyako viache, hata kama ni simu ya mama uliyokuwa ukiitumia kila siku. Mzazi mwenye hasira aliyekosa njia ya kukurudisha hukimbilia kufungua kesi ya wizi, na hapo polisi wanakuwa na sababu halali ya kukutafuta.

Sheria pia haikulipii chumba. Mwenye nyumba wa Sakina au Majengo anaweza kutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na baba hawezi kulazimishwa kuilipa kwa sababu tu umeondoka. Ndiyo maana wengi huanzia kwa ndugu. Ukihitaji ushauri usio na gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ofisi ya mtaa au kata inaweza kukuelekeza waliko.

Aliye chini ya miaka 18 njia yake ni tofauti, ila hakuachwa. Yeye anakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, au anapiga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bure. Jirani anayesikia vilio kila usiku naye anatakiwa na Sheria ya Mtoto kutoa taarifa, hata akiwa ni ndugu wa huyo baba.