Samaki wanaozaa na malezi ya vifaranga wao

Samaki wengi hutaga mayai majini wakayaacha yajitegemee. Wapo wengine ambao jike hubaki na mayai tumboni, yakaanguliwa humo humo, kisha akazaa vifaranga walio hai, wanaoona na kuogelea tangu dakika ya kwanza. Hao ndio samaki wanaozaa. Wanaofugwa sana kwenye matangi ya nyumbani ni gapi, moli, plati na mkia-upanga, wote wa jamii moja ya Poeciliidae, na wote asili yao ni Amerika. Gapi walitoka Trinidad na kaskazini mwa Amerika Kusini; plati na mkia-upanga ni wa Mexico na Amerika ya Kati.

Kifaranga akiwa tumboni hula kiini cha yai lake. Dume utamjua kwa pezi la chini ya tumbo, ambalo limekuwa jembamba kama kijiti. Kwa pezi hilo huingiza mbegu ndani ya jike. Jike naye huzihifadhi mbegu hizo kwa miezi kadhaa, ndiyo maana aliyenunuliwa peke yake anaweza kuzaa, na baadaye akazaa tena, bila dume kuonekana tangini. Mimba huchukua kama wiki nne. Gapi mzima huzaa vifaranga 20 au 40 kwa uzazi mmoja, na jike mkubwa hupita hapo kwa mbali.

Mtu akiambiwa alee vifaranga, jambo la kwanza analolifikiria ni kuwaficha wasiliwe. Ni kweli mama huwala wanawe, na wenzake tangini humsaidia. Lakini hilo dawa yake ni nyepesi: weka majani mengi ya majini yaliyosongamana karibu na uso wa maji, vifaranga wajifiche humo, kisha uwahamishie chombo chao. Visanduku vya plastiki vya kumfungia jike mjamzito mimi sivipendi. Nafasi ni finyu, jike hufadhaika, na akikaa humo siku nyingi anaweza kuzaa kabla ya wakati.

Kazi kubwa iko kwenye maji, na hapa sisi wa Mombasa tumebarikiwa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa tele na alkali. Samaki hawa ndivyo wapendavyo. Moli hata maji yenye ladha ya chumvi hayamsumbui, kwa hiyo kisima ambacho hakifai kwa chai kinaweza kumfaa yeye sana. Joto nalo tunalo bure. Vifaranga hukua vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 28, na hapa hakuna haja ya kununua kifaa cha kupasha maji.

Ila baraka hiyo hiyo ina hatari ndani yake. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kwenye maji ya baridi yasiyo na alkali, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Maji yakiwa ya moto na yenye alkali, kama yetu, sehemu inayokuwa sumu huongezeka. Kwa hiyo chakula kingi kupita kiasi, ambacho mfugaji wa nchi ya baridi huenda asikione kosa lake, hapa kinaweza kuua kizazi kizima usiku mmoja. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, mambo huzidi, kwa sababu maji yakipata moto hubeba hewa kidogo. Ukiona vifaranga wamejazana juu wakihema, badilisha sehemu ya maji wakati huo huo, usingoje asubuhi.

Kinga yake ni chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Sponji haivuti vifaranga, na ndani yake huishi bakteria wanaoigeuza amonia iwe kitu kisicho na sumu kali. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujenga kambi yao, basi tangi liandaliwe kabla ya jike kufika siku zake. Sponji ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe. Ya mfereji yana klorini, itawaua. Kila wiki toa robo ya maji, utie mengine yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo kiepuke, hata maji yakionekana safi namna gani.

Chakula kiwe kidogo na mara nyingi, mara tatu au nne kwa siku, kwani tumbo la kifaranga ni dogo na halina akiba. Chakula cha samaki kilichosagwa kama unga kinatosha, lakini hakuna kinachowakuza kama artemia wachanga, wadudu wadogo wa maji ya chumvi. Hata kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi wadudu hawa wamo, walipandwa miaka ya 1980. Mayai yake makavu huuzwa, na kuyaangua ni rahisi kwetu: maji safi ya bahari, hewa ya kutibua, na kwa joto la hapa baada ya siku moja hivi wametoka. Wachuje, uwasuuze kwa maji matamu, uwape.

Madume watengwe na majike mapema, pezi lile linapoanza kubadilika, kabla ya gapi kufikisha miezi miwili. Usipofanya hivyo ndugu watazaana wao kwa wao, tangi lijae, na vifaranga waliobanana hudumaa hata wakilishwa vizuri. Wanaozidi wagawie majirani au uwarudishe dukani. Usiwamwage mtoni wala kwenye bwawa. Ni wageni, huzaana haraka, na wenyeji wa maji hayo ndio watakaoumia.