Tiba ya mwanga pamoja na dawa za moyo: maana yake

Ukitaja tiba ya mwanga Nairobi, wengi watamkumbuka mtoto mchanga mwenye manjano, amefunikwa macho kwa kitambaa, amelazwa chini ya taa ya buluu wodini. Mwanga ule hubadilisha umbo la bilirubini iliyo ngozini ili mwili uweze kuitoa. Ni tiba ya kweli na hospitali zimeizoea. Tiba ya mwanga kwa moyo uliochoka ni jambo jingine kabisa, ingawa jina ni lile lile, na hilo jina limeshamletea shangazi yangu shida.

Shangazi anaishi Umoja. Aliuziwa taa nyekundu mjini na kijana mwenye maneno matamu: “Mama, hii inafanya kazi pamoja na dawa, halafu polepole dawa unaziacha.” Yeye hakungoja hiyo polepole. Nilipomtembelea baada ya wiki mbili, alikuwa amevaa ndara za marehemu mjomba kwa sababu zake hazimwingii. Nilimbonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, shimo likabaki pale mpaka chai ikamiminwa.

“Shangazi, dawa ulimeza lini?”

“Si nina taa, mwanangu?”

Moyo kushindwa, ndio ugonjwa wa shangazi, si moyo kusimama. Fikiria pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya ghorofa. Ikichoka, haizimiki siku hiyo hiyo. Maji hupanda kidogo kidogo na wapangaji wa juu ndio wa kwanza kulalamika. Mwili nao, ukiona damu haifiki, hufanya kama keateka, yaani mtunza jengo, asiyejua umeme: hukaza mishipa, huzuia chumvi na maji yasitoke, huusukuma moyo upige haraka zaidi. Siku chache za mwanzo inasaidia. Baadaye juhudi hizo hizo ndizo zinazoiunguza mota, na maji yaliyozuiwa hushukia miguuni na kujaa mapafuni, mtu akashindwa kulala bila kuegemea mito mitatu.

Dawa nyingi za moyo kazi yake ni kumzuia keateka huyo. Enalaprili hulegeza mishipa, na utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba inawaongezea maisha wagonjwa waliozidiwa. Spironolaktoni ilithibitishwa mwaka 1999, na mwaka huo huo bisoprololi, ambayo huupunguzia moyo mbio. Mwaka 2019 iliongezeka dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari. Furosemidi, ile inayokupeleka chooni kila saa, huondoa maji yaliyojaa.

Mwanga unapitia mlango mwingine. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika kwa leza hafifu panya walionyolewa, akaona manyoya yanarudi upesi zaidi. Kutokana na hapo likazaliwa tawi linaloitwa fotobiomodulesheni: kutumia mwanga mwekundu, au ule ulio karibu na wekundu ambao jicho halioni, wa takriban nanomita 600 hadi 1,000, usio mkali wa kuunguza. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga huo hupokewa na protini iliyo ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vinavyoipa seli nguvu. Seli hununua kila kitu kwa ATP, kemikali inayobeba nguvu, kama sisi tunavyowasha taa kwa tokeni za stima. Moyo usiolala hutumia tokeni nyingi mno, na moyo uliochoka huishi ukikaribia sufuri. Tumaini ni kwamba mwanga utaiongezea seli tokeni na kupunguza uvimbe wa ndani.

Kwa hiyo wazo la kuchanganya lina mantiki: dawa zinaupunguzia moyo mzigo, mwanga unaitunza mota yenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Tel Aviv waliripoti kwamba panya na mbwa waliopata shambulio la moyo kisha wakamulikwa walibaki na kovu dogo zaidi. Miaka 10 baadaye kundi hilo hilo halikumulika kifua kabisa. Lilimulika uboho wa mifupa ya panya, likaona moyo ukifaidika kutoka mbali. Wengine wamejaribu mwanga na karvediloli, dawa ya moyo ya jamii ya bisoprololi, kwa pamoja, pia kwa panya.

Mimi hapo kwa panya ndipo ninapokwama. Kifua cha panya ni chembamba, mwanga unapenya bila taabu. Cha shangazi kina ngozi, mafuta, misuli na mbavu, na kinachofika moyoni ni chembe tu ya mwanga uliotoka kwenye taa. Kipimo nacho kina ujanja wake: kidogo hakifanyi kitu, kingi kupita kiasi huweza kuizuia seli badala ya kuisaidia. Taa ya mjini haikuandikwa lolote kuhusu hayo isipokuwa “dakika 20”.

Tena panya wale kwa kawaida huwa wamefungwa mshipa wa moyo makusudi. Ugonjwa wetu mara nyingi haukuja kwa njia hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliona kwamba wastani wa umri ulikuwa miaka 52 na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Moyo uliokazwa na presha miaka 20 si sawa na moyo uliofungwa mshipa Jumatatu.

Sasa neno “pamoja”. Katika utafiti wa aina hii kwa binadamu, kila mgonjwa hubaki kwenye dawa zake. Baadhi humulikwa, wengine huwekewa taa ya kuigiza, kisha hulinganishwa. Mwanga hupimwa juu ya dawa, kama chumvi inavyoonjwa ndani ya mchuzi uliokwisha iva. Hakuna anayemnyima mtu mchuzi ili aone kama chumvi itamshibisha.

Na kuna dawa zisizopenda mwanga. Amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo yasiyo sawa, na baadhi ya dawa za kukojoza, hufanya ngozi iungue upesi juani. Hasa ni kwa miale ya jua kuliko taa nyekundu, lakini anayemeza hizo amwulize daktari kabla ya kujimulika chochote.

Shangazi alirudi kliniki, akarudishiwa vidonge vyake na kuambiwa ajipime kila asubuhi akitoka chooni, kabla ya chai. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, apige simu. Mizani iko chini ya kitanda. Taa anaiwashia magoti, anasema yanamwachilia kidogo, nami sijamkataza.