Gari jipya: kampuni kubwa ya Dar au wakala wa hapa Mtwara?

Msimu wa korosho ukishika kasi na malipo ya mnada yakianza kuingia benki, watu wa mauzo ya magari hawakosekani Masasi, Newala wala Tandahimba. Mmoja katoka kampuni kubwa ya Dar es Salaam, ana vipeperushi vya rangi na shati lenye nembo. Mwingine ni wakala wa mjini Mtwara, ofisi yake chumba kimoja, meza na simu mbili. Wote wanauza zero kilometa. Wengi wetu huku tunanunua magari yaliyokwishatumika Japani, na hilo lina elimu yake. Lakini vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), wakandarasi, wafanyabiashara na wakulima waliovuna vizuri wanaotaka pikapu mpya hutuuliza sisi walimu wa ufundi magari: tumwendee nani?

Jibu letu huwaudhi wauzaji wote wawili. Ukubwa wa duka usikuhangaishe sana. Kabla hujauliza bei, uliza gari litafanyiwa sevisi wapi na waranti inasainiwa na nani.

Piga hesabu. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Magari mengi mapya hapa nchini hupangiwa sevisi kila kilomita 5,000, na kwa kawaida waranti inataka sevisi hizo zifanywe kwenye karakana inayotambuliwa na mtengenezaji au mwakilishi wake. Ikiwa karakana hiyo iko Barabara ya Nyerere, Dar, peke yake, kwenda na kurudi ni kilomita 1,120. Yaani zaidi ya moja ya tano ya mwendo wa gari kati ya sevisi moja na nyingine imeliwa na safari ya kwenda sevisi! Hapo hujaweka mafuta, posho ya dereva wala gesti. Na barabara yetu ya kwenda Dar tunaijua. Mei 2024, mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zilipoikata huko Somanga, mwenye haraka ya kufika Dar kwa gari ilimbidi afikirie kuzungukia Tunduru na Songea.

Kwa hiyo ukikaa na kampuni kubwa, waambie wakupe kwa maandishi: mafundi wao wanakuja Mtwara au Lindi? Kila baada ya muda gani? Kuna gereji ya mkoani waliyoingia nayo mkataba? Kama majibu ni ya kuzungukazunguka, zile faida zao za kweli, yaani stoo ya vipuri na mashine ya kusoma kompyuta ya gari la aina hiyo, zitabaki Dar na wewe utabaki Nanyumbu na taa ya injini inawaka.

Wakala mdogo naye yuko wa namna mbili, na hapa ndipo watu wanapoumia. Yupo anayeuza kwa niaba ya mwakilishi rasmi wa kiwanda. Huyu mimi nampenda: waranti ni ileile ya Dar, bei mnaweza kuzungumza, na gari likisumbua unajua anakoishi. Jina lake mjini ndio mtaji wake. Yupo pia anayejiagizia mwenyewe, labda kutoka Dubai. Gari linaweza kuwa jipya kabisa, tatizo ni kwamba waranti ya kiwanda mara nyingi hufungwa kwenye soko ambalo gari lilitengenezewa, hivyo mwakilishi wa hapa nchini anaweza kukataa kulishughulikia. Kumtambua si kazi. Mwombe barua ya uwakala, kisha wapigie hao aliowataja kwa namba uliyoitafuta wewe, usitumie atakayokupa yeye.

Kuhusu bei, nitasema jambo moja tu: kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18. Wakala akikuandikia profoma, yaani ankara ya bei kabla hujalipa, ya shilingi milioni 72 bila VAT na kampuni ikakuandikia milioni 82 pamoja na VAT, wa kwanza ndiye ghali, maana kwa kiwango hicho bei yake itafika milioni 84.96. Uliza bei ya gari likiwa limeshasajiliwa, lina kadi na bima. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, kamwe usilipe kwa simu ya mtu wa mauzo, na udai risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye kiasi chote ulicholipa.

Siku ya kukabidhiwa, usikimbilie kupiga picha. Soma dashibodi kwanza. Gari lililoletwa juu ya lori linatakiwa kuwa na kilomita chache. Lililoendeshwa kutoka Dar litakuwa na kama 560 na kidogo, na hilo halina ubaya kama mlikubaliana na safari ilikuwa na bima. Ila muulize dereva aliliendeshaje, kwa sababu watengenezaji wengi wanashauri injini mpya isikimbizwe sana katika kilomita 1,000 za mwanzo. Ukikuta 2,000, huenda hilo lilikuwa gari la kujaribishia wateja, na bei yake ishuke.

Kisha chuchumaa utazame tairi. Pembeni pana maandishi yanayoanza na DOT, na mwishoni mna tarakimu nne: 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi zikiwa na miaka mitatu, gari nalo huenda limekaa yadi muda huohuo likipigwa jua na upepo wa chumvi. Linganisha na tarehe iliyo kwenye lebo ya mkanda wa siti, chini kabisa unapochomoza. Washa injini ikiwa ya baridi, pima betri, angalia kutu kwenye boliti za chini. Mwisho linganisha namba ya chasisi, herufi na tarakimu zote 17, na ile ya kwenye kadi. Gari la kukaa yadi hutokea kwa mkubwa na kwa mdogo, na wote wawili wanaweza kupunguza bei ukiwaonyesha tairi.

Limebaki suala la malipo ya awali. Mdogo akikuomba nusu ya bei ili "alitoe bandarini", mwambie akuonyeshe nyaraka za mzigo zenye namba ya chasisi hiyohiyo, na mkataba utaje tarehe ya kukabidhi gari na siku ambazo fedha zitarudi tarehe hiyo ikipita. Kampuni kubwa mpe masharti hayohayo. Fomu yao iliyochapwa ina maandishi madogo nyuma, na aghalabu ndiko kunakosemwa kwamba bei inaweza kubadilika dola ikipanda.