Juu ya nini meteo inaangalia maji ya Bahari ya Hindi wakati sisi tuko Lubumbashi

Bamama na bapapa, tangu mvula ya kwanza ianguke malalamiko ni ya namna moja, kwenye simu, kwenye redio, hata njiani: "Meteo munatuletea mambo ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, hapa bahari iko wapi?" Swali lenyewe si baya. Ila kuna watu wanalitumia kuambia wenzao wasisikilize previzio ya msimu, na hapo mimi siwezi kunyamaza, juu mwisho wake ni mtu kupoteza mbegu.

Mukumbuke mwanzo wa 2024. Tarehe 29 Februari Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yalikuwa yamekauka shambani, na sisi unga mwingi wa bukari unatufikia kwa kupitia Kasumbalesa. Ile ilikuwa El Niño: maji ya Pasifiki, sehemu ya katikati na ya mashariki, yanapata moto kupita kawaida, na mara nyingi mvula inapungua huku kusini mwa Afrika. Sasa angalieni tarehe. NOAA, shirika la Marekani linaloangalia bahari na hewa, ilitangaza El Niño tarehe 8 Juni 2023, kipwa, majira yasiyo na mvula, ndo kilikuwa kinaanza, hakuna mkulima wa Zambia wala wa Katanga aliyekuwa ameshika jembe. Ilijulikana mapema hivyo juu kuna boya zinazopima maji mchana na usiku.

Hizo boya za utafiti si zile ndogo za kuonyesha meli njia. Ni duara la fiberglass lenye upana wa mita 2 na kidogo, juu yake kuna mnara mfupi wenye vipimo vya upepo, joto, unyevu, jua, na chupa ya kupima mvula kama hizi zetu. Chini inashuka kamba ya chuma yenye vipimajoto, kimoja nyuma ya kingine, mpaka mita 500 ndani ya maji. Na nanga yake, watu wa reli mutafurahi kusikia, inatengenezwa na magurudumu ya treni yaliyochakaa, yanafungwa pamoja na kutupwa kwenye kina cha kilomita 4 hivi. Vipimo vinapanda kwa satelaiti na kuingia kwenye mtandao wa meteo wa dunia nzima, hata sisi tunavipata.

Mtu anauliza, kama satelaiti ipo, boya za nini? Hili ndilo ninachoka nalo zaidi. Satelaiti inaona ngozi ya maji tu, na ngozi inaweza kudanganya. Mwaka 1982 volkano El Chichón ya Mexico ililipuka, vumbi lake likatanda juu, satelaiti zikasoma bahari kuwa ya baridi kuliko ilivyokuwa, na El Niño kubwa ya 1982 na 1983 ikakomaa bila wataalamu kukubaliana kama ipo. Ndo baada ya kipigo kile wakajenga mtandao wa TAO kwenye Pasifiki, boya karibu 70, ukakamilika mwisho wa 1994. Atlantiki ikapata wake, PIRATA, kuanzia 1997. Bahari ya Hindi ndo ilikawia zaidi, mtandao wake unaitwa RAMA, ulianza 2004, na kazi yake hasa ni pepo za msimu, zile ambazo watu wa pwani wanaziita kaskazi na kusi na ambazo India nzima inazingojea kila mwaka ili ipande mpunga.

Na zinatuhusu. Mvula yetu kati ya Novemba na Aprili inatoka pale pepo tatu zinapokutana: ya Atlantiki inayopitia msitu wa Kongo, ya kusini-mashariki toka Bahari ya Hindi, na kaskazi yenyewe inayoshuka toka kule juu. Zikikutana juu yetu, mvula. Zikisogea, tunatazama mawingu yakipita. Hewa inasahau haraka, baada ya wiki mbili huwezi tena kuifuata, lakini maji yanakumbuka: mita 2 na nusu tu za juu za bahari zinabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu yake. Basi anayetaka kujua Januari itakuwaje anauliza maji.

Sasa namna ya kusoma tangazo, hapa munisikilize vizuri. Kila mwaka, kabla ya mvula, wataalamu wa nchi za SADC, umoja wa nchi za kusini mwa Afrika, wanakaa pamoja, kikao kinaitwa SARCOF, Kongo tunakuwamo. Kinachotoka si "mvula itakuwa nyingi". Wanachukua miaka ya nyuma na kuigawa mafungu 3: ya mvula nyingi, ya kawaida, ya kidogo. Halafu wanasema asilimia ya kila fungu. Mfano tangazo likisema 40, 35, 25, maana yake mvula nyingi ina nafasi kubwa kidogo kuliko mengine, na bado kuna 25 za kidogo, hizo 25 hazijafutwa. Anayekuambia "meteo ilisema nyingi, imedanganya" hakusoma namba. Na tangazo la msimu halikupi siku ya kupanda. Mvula ya Oktoba inayoanguka mara moja, masuku yanaanza kuiva, watu wanakimbia shambani, kisha jua wiki mbili na mbegu inaoza: siku ya kupanda mutaijua kwa previzio ya siku chache.

Jambo la mwisho ni vifaa. Baharini mashua za uvuvi zinafunga kamba kwenye boya juu samaki wanakusanyika chini yake, wengine wanakata kamba au wanang'oa vyuma, na mahali pale vipimo vinakatika mpaka meli irudi, mara nyingi mwaka unaofuata. Huku ni vilevile. Nimekuta chombo cha kupima mvula kinachotewa maji ya kufulia. Hicho ni mali ya serikali na kukiharibu ni kosa: tunaita chefu wa kartie, OPJ, yule polisi wa upelelezi, anaandika PV, yaani ripoti ya kosa, PV inaenda parke kwa waendesha mashtaka, na sheria inaruhusu kifungo na amande, yaani faini. Sipendi tufike huko, juu siku tunayoshinda parke ni siku isiyokuwa na kipimo.

Mpimaji anapita saa mbili asubuhi, kila siku, hata kama mvula haikunyesha. Sifuri nayo inaandikwa. Tafazali mumuache afungue chombo, asome milimita, aandike kwenye daftari, ndipo amwage maji.