Hidrojeni kwenye GC: hatari iko ndani ya oveni, si chumbani

“Hidrojeni italipua maabara.” Karibu kila mteja wa Nairobi anayelia na bei ya heliamu hunijibu hivyo akishauriwa kubadilisha gesi bebaji, ile inayosukuma sampuli ndani ya GC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali), itoke heliamu iwe hidrojeni. Na FID yake, kigunduzi chenye mwali wa moto, inachoma hidrojeni hiyo hiyo, mililita 30 hadi 40 kwa dakika, miaka nenda miaka rudi!

Tupige hesabu. Hidrojeni huweza kushika moto ikifika asilimia 4 ya hewa. Chumba cha mita 5 kwa 4, dari mita 3, kina lita 60,000, kwa hiyo zinatakiwa lita 2,400. GC inayotumia mililita 60 kwa dakika, pamoja na ya split (gesi inayotolewa nje pale sampuli inapoingilia), hutoa lita 3.6 kwa saa. Hata ukiziba kila tundu la chumba, ni karibu siku 28. Sasa tazama oveni ya GC, ya lita 15: mililita 600 zinatosha. Kolamu, mrija mwembamba unaopitisha sampuli, ikikatika humo, gesi ile ile yaweza kufika kiwango hicho kwa dakika 10, na koili ya moto iko hapo hapo.

Kwa hiyo funga hidrojeni kabla ya kugusa kolamu, fungua mlango wa oveni, subiri. Kigunduzi kisicho na kolamu kizibwe, la sivyo gesi ya FID itashukia ovenini. Kila ukibadilisha kolamu, pima uvujaji kwa kifaa cha kielektroniki. Kupima kwa povu la sabuni huchafua mfumo. Mashine zinazodhibiti presha kielektroniki hukata gesi presha isipofika. Za kuzungusha kwa mkono hazikati. Hizo zisiguse hidrojeni bila kihisi ndani ya oveni.

Mtungi ni habari nyingine. Wa lita 50 kwa bar 200 hubeba takriban lita 9,000, na regulata ikiachia, zile siku 28 hazipo. Uweke nje, penye hewa. Mimi hushauri mashine ya kuzalisha hidrojeni kutokana na maji: huhifadhi gesi kidogo mno. Ila nayo iwe kwenye UPS. Wengi huunganisha GC peke yake. Stima ikipotea, kolamu inabaki kwenye nyuzi 300 bila gesi, na inaungua.

“Badilisha gesi, mbinu ibaki ile ile.” Hapana. Mnato wa hidrojeni ni karibu nusu ya wa heliamu, na kasi yake nzuri ni kama sentimita 40 kwa sekunde. Badilisha aina ya gesi kwenye programu kwanza. Ukiongeza kasi mara mbili, ongeza na mwendo wa kupandisha joto mara mbili, muda wa kusubiri kwenye joto moja uwe nusu. Ukigusa kimoja tu, vilele (alama za kemikali kwenye chati) hupishana. Kolamu ikileta mililita 2 za hidrojeni kwa dakika, zipunguze kwenye hidrojeni ya FID.

“Tungoje heliamu ya Rukwa.” Ugunduzi huo wa Tanzania ulitangazwa 2016. Gesi hiyo lazima ichimbwe, itenganishwe na isafishwe hadi 99.999% kabla ya kufika Industrial Area. Usiipangie bajeti.

“MS haitaki hidrojeni.” MS, kigunduzi kinachotambua kemikali kwa uzito wa molekuli, inaitaka, kwa masharti: pampu yenye nguvu, kolamu nyembamba kama ya mita 20 kwa milimita 0.18, na siku kadhaa za kungoja kelele za mwanzo (ishara zisizotoka kwenye sampuli) zitulie. Epuka daikloromethani, kwani kwenye injekta (pale sampuli inapoingilia) yenye moto hutoa asidi ya HCl. Misombo ya nitro huweza kubadilika, spektra (alama ya msombo kwenye MS) ikakosana na maktaba ya kulinganishia; anayepima viuatilifu kwenye mishiri (maharagwe mabichi) ya kuuzwa nje ahakiki mbinu yake upya, kiuatilifu kimoja kimoja.