Hapana, Hawali Nyigu kwa Sababu ya Njaa

Kila nikifundisha habari za wadudu waliwao, nikifika Japani tu, mkono unanyooshwa nyuma ya darasa: "Mwalimu, hao si walikuwa na njaa?" Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Hebu tazama Wajapani wanavyowapata nyigu. Kule Kushihara, mkoani Gifu, na katika bonde la Ina mkoani Nagano, wazee hutundika kipande cha ngisi au samaki msituni, wakamngoja nyigu mdogo mweusi aitwaye hebo. Akija hupewa kinofu kilichofungwa kiutepe cheupe. Anaruka nacho, na watu wazima, macho juu, wanakimbiza huo utepe, wakijikwaa vichakani, hadi azame ardhini kwenye kiota. Hufukiza moshi, hukichimbua, hukipeleka nyumbani kwenye sanduku la mbao, na kuwalisha nyigu nyama na maji ya sukari mpaka vuli. Mwenye njaa gani huyo anayempa nyigu nyama? Si angeila mwenyewe? Kisha Novemba watu wa Kushihara hushindanisha viota kwa uzito, na kilo moja huuzwa kwa maelfu ya yeni. Mabuu, ndio waliwao, huchomolewa mmoja mmoja kwa kibanio, kazi ya jioni nzima. Nyigu walipopungua, wasindikaji wa Nagano waliagiza wengine hata kutoka New Zealand.

Sikatai, milimani mbali na bahari kitoweo kilikuwa shida, na wakati wa vita wadudu walisaidia. Lakini vita viliisha 1945, na hebo bado anakimbizwa.

Eti Wajapani wote hula kila mdudu? La. Mtaalamu wa wadudu Miyake aliorodhesha aina 55 za wadudu waliwao mwaka 1919; leo wanaoonekana mezani ni wachache: panzi wa mpunga, nyigu, pupa wa hariri, na mabuu wa wadudu wa majini wa Mto Tenryu, mkoani Nagano. Hao wa mtoni huvuliwa majira ya baridi, tena kwa kibali cha ushirika wa wavuvi, kwa hiyo na lile la "kila mtu hujiokotea tu" liishie hapo.

Eti huliwa wabichi? Panzi huachwa kwanza wajisaidie, huchemshwa, ndipo hupikwa kwa sosi ya soya na sukari mpaka wang'ae.

Na wewe unayesema "protini tupu, haidhuru": kama kamba wa baharini hukuvimbisha midomo, usiguse panzi wa Nagano wala senene wa Bukoba. Tropomiosini, protini ya misuli, ya kamba na ya panzi zinafanana mno, na huenda mwili wako usizitofautishe.